Nani Hayupo Leo?

Hotuba kwa washiriki na majirani, Jumapili ya Mavuno, katika kanisa moja la Anglikana mjini Tanga

Baba Padre, Shemasi wetu, masista, wazee wa kanisa wenzangu, mama zangu wa Umoja, wanakwaya, vijana, na ninyi watoto mliokaa chini hapa mbele: Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi majirani mlioitikia mwaliko wetu, Mzee Mwenyekiti wa mtaa, na Shehe uliyekuja na wenzako mkakaa nasi tangu mwanzo: Asalaam aleikum. Karibuni sana, mmetuheshimu.

Nimeombwa niseme juu ya utume wa Kanisa letu katika mji huu. Nimepewa nusu saa, nami nitajitahidi isifike, maana jua limepanda na meza ya mnada imejaa.

Nianze na mayai.

Wengi wenu mnamkumbuka bibi aliyekuwa akikaa benchi la tatu upande wa kina mama, jirani na dirisha lile lililopasuka kioo. Jina lake limesomwa leo katika sala za marehemu. Hapa nitamwita kama watoto walivyomwita, Bibi Mayai. Kila Jumapili alikuja na mayai matatu ndani ya kikapu kidogo cha ukindu, kayalaza juu ya pumba ili yasigongane. Pesa ya kutia kwenye bahasha hakuwa nayo. Mayai yale yaliwekwa mezani pale, na Misa ikiisha mnadishaji ananyanyua kikapu: "Mayai ya Bibi, nani ananipa elfu moja?" Mtu ananunua kwa elfu tatu, anayarudisha mezani. Mwingine anayachukua kwa elfu tano, naye anarudisha. Mpaka mayai matatu yameliingizia Kanisa elfu kumi na tano, na Bibi anacheka hadi anajifunika uso kwa upindo wa khanga.

Kisha mayai yakaacha kuja.

Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Mnada uliendelea kama kawaida. Zilikuwapo nazi, mihogo, machungwa ya Muheza, jogoo aliyefungwa miguu, ndizi mbichi. Hakuna aliyeuliza mayai yako wapi. Hata mimi sikuuliza, nami nilikuwa nakaa benchi lililo nyuma yake, nikimtazama kisogo miaka yote ile.

Jumapili ya sita, wakati wa matangazo, mama mmoja aliyevaa baibui alisimama getini. Akaambiwa asubiri ibada iishe. Akasubiri juani. Tulipotoka alimshika mkono mtu wa kwanza aliyemfikia akamwuliza, "Nyinyi ndio wenye yule bibi wa mayai?"

Bibi alikuwa amelala kitandani tangu Jumapili ile ya kwanza. Mama huyu, anayekaanga bajia nyuma ya soko, alikuwa akimwogesha alfajiri, akimpikia uji wa ulezi, ndipo anakwenda kuwasha jiko lake la biashara. Kwa idhini ya Bibi aliuza kuku wawili akamnunulia dawa, na risiti zote alizifunga kwenye pindo la khanga. Alizifungua mbele yetu pale getini, moja moja, akatukabidhi, kama mtu anayerudisha amana kwa wenyewe. Jina la kanisa letu hakulijua. Alijua tu kwamba Bibi akitoka Jumapili na kikapu chake hupinda kushoto penye mwembe. Basi naye akapinda kushoto penye mwembe, akafuata njia mpaka aliposikia kinanda.

Bibi aliishi wiki tatu baada ya siku ile. Padre alimpelekea Komunyo, mama wa Umoja wakapokezana usiku, vijana wakaziba paa lililokuwa likivuja juu ya kitanda. Mambo yote mema, na yote yalikuja wiki ya sita. Tulimzika, na siku ya kuanua tanga nilikwenda kukaa mkekani karibu na yule mama wa bajia, kwa sababu sikuwa na neno la kumwambia. Yumo humu leo. Mama, ahsante. Nakushukuru mbele ya watu wote hawa.

Wiki iliyofuata nilikwenda sakristia nikaomba kitabu cha ibada. Nikafunua zile Jumapili tano. Kila moja imeandikwa vizuri kwa kalamu ya wino: jina la padre, somo, idadi ya waliohudhuria, idadi ya waliokomunika, sadaka mpaka shilingi ya mwisho. Aliyeandika hakukosea hata tarakimu moja. Lakini kitabu kizima, tangu kurasa za kwanza zilizoanza kugeuka rangi, hakina nafasi ya kuandika nani hakuja.

Mimi nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na minne. Mwalimu anajua rejista ya mahudhurio ni kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo. Aliyepo namwona kwa macho. Ukiita jina, kukawa kimya, watoto wote wakageuka kutazama ile nafasi, hapo ndipo rejista inapofanya kazi yake. Mtoto akikosekana siku tatu nilikuwa nafunga daftari zangu mchana nakwenda kwao. Mara nyingine nilikuta homa. Mara nyingine nilikuta binti wa darasa la nne amembeba mdogo wake mgongoni, mama yuko shambani, na kitabu chake cha hesabu kimefunguliwa juu ya kinu. Yule binti hakuwa mtoro. Ila kama nisingekwenda, ningemwandikia utoro kwa wino mwekundu, na ingebaki hivyo.

Yule mchungaji wa kondoo mia, katika Injili ya Luka, tunamsifu kwa kutembea usiku nyikani. Mimi namsifu kwanza kwa kuwa aliwahesabu jioni. Kondoo tisini na tisa ukiwatazama kwa mbali ni kundi zima. Asingehesabu, angelala.

Ndugu zangu, utume uliotuleta hapa ulianzia kwa watu waliokuwa wakihesabiwa kwa ubaya. Desemba 1857 David Livingstone alisimama Chuo Kikuu cha Cambridge akaomba watu wa kuja Afrika, na kutokana na ombi lile ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, ambayo wazee wetu waliitaja mpaka jina lake likawa kama la ukoo. Safari ya kwanza iliishia makaburini. Askofu Charles Mackenzie alifariki kwa homa karibu na mto Shire mwaka 1862. Mwaka 1864 Askofu Tozer aliihamishia misheni Unguja, na Unguja ya wakati ule pale Mkunazini palikuwa na soko la watu. Watu walipangwa safu, wakakaguliwa meno kama punda, wakatiwa bei. Soko lile lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu juu ya kiwanja kile kile. Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, ndiye aliyelisimamia mpaka likasimama, na ndiye aliyekaa na Waunguja akiwasikiliza, akiandika maneno yao, akilitafsiri Agano Jipya kwa lugha hii ninayowasemesha sasa. Alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Hayo mnayajua, tunayahubiri kila mwaka. Kuna moja tunalipita haraka. Watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa na kukabidhiwa misheni walifika wakiwa hesabu tu, watoto wangapi, jahazi gani. Na huko Kiungani, shuleni kwao, waliulizwa. Wewe ni nani? Kwenu wapi? Baba yako aliitwaje? Ulichukuliwaje? Vijana wale waliandika wenyewe habari za maisha yao, na zikachapishwa mwaka 1887: kijiji, mama, usiku wa kutekwa, njia, pwani. Mmoja wa wale watoto wa kwanza, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Mwingine aliyewahi kuwa mtumwa, Cecil Majaliwa, akapewa upadre mwaka 1890. Mtu aliyetiwa bei akasimama altareni. Lakini kabla ya daraja la ushemasi na upadre, kabla ya shule, kulikuwa na mtu aliyekaa chini akauliza jina na akangoja jibu.

Kutoka Unguja kazi ilivuka bahari ikaja kwetu Bonde. Mwaka 1875 Padre Farler alifika Magila akaanzisha upya kazi iliyokuwa imelegalega, na mahali pale pakaitwa Msalabani mpaka leo. Wenye asili ya Muheza hapa wanajua kwamba Hospitali Teule haikuota kama uyoga. Imetoka katika mikono ya watu wa misheni ile, wakiwemo masista wa Jumuiya ya Mateso Matakatifu, shirika lililoanzishwa na Askofu Frank Weston mwaka 1911. Waliuguza, walifundisha, walizalisha. Vita vilipoanza 1914 na Wajerumani wakawaweka wamisionari Waingereza kizuizini, mapadre na walimu Waafrika wa huku kwetu nao walikamatwa kwa kudhaniwa wapelelezi, wengi wakapelekwa kifungoni Tabora. Nani aliyeendelea kugonga kengele vijijini? Nani aliyezika? Akina mama na wazee ambao hakuna aliyewawekea mikono. Habari zao nyingi zimebaki kwa wajukuu tu.

Na sasa nije kwetu kabisa, Tanga ya mkonge.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Ilipofika huku iliyopona ilikuwa 62. Kila mtoto wa shule hapa Tanga amelisikia hilo. Miche 62! Kutokana na hiyo yakaja mashamba yote yale mliyokuwa mkiyaona mkipanda treni, safu baada ya safu mpaka macho yachoke, na mji huu ukajengwa kwa nyuzi zake. Miche tumeihesabu, tumeiandika, tunaikumbuka. Waliokuja kuikata je? Walikuja Wayao, Wamakonde, Wangoni, Waha, Warundi, makumi ya maelfu, wakasainishwa mikataba, wakapandishwa kwenye malori na mabehewa, na tukawapa jina ambalo bado liko vinywani mwetu: manamba. Limetokana na namba. Mtu aliitwa kwa namba yake mpaka watu wote kwa pamoja wakaitwa namba.

Babu yangu mzaa mama alikuwa namba. Alitoka upande wa Masasi kuja kukata mkonge. Mama yangu alihifadhi karatasi zake mbili ndani ya sanduku la bati, nami ninazo mpaka leo. Moja ni kipande, kadi ya kazi, ina vijisanduku vya siku thelathini na juu yake namba imeandikwa kubwa. Jina lake liko chini, limekosewa, limekuwa jina la mtu mwingine. Ya pili ni cheti cha ubatizo, kimekunjwa mara nne na katikati kimetoboka. Hicho kina jina lake sawasawa, lile alilopewa na mama yake na lile la Kikristo, na jina la baba yake, na la kijiji chake, kwa mwandiko wa katekista fulani ambaye hakuna anayemkumbuka. Katekista yule alimwuliza babu yangu jina lake akalisikiliza vizuri. Mimi nipo katika Kanisa hili kwa sababu ya usikivu ule. Jumapili babu alikuwa mtu na Jumatatu namba. Aliwaambia wanawe kwamba alivumilia siku sita kwa ajili ya siku moja ya kuitwa kwa jina.

Askofu Weston huyu niliyemtaja aliliona jambo hili kwa wapagazi. Wakati wa vita vile, mwaka 1916, yeye mwenyewe alikusanya wapagazi wa Unguja akaenda nao bara, akatembea nao. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa, na majina ya wengi hayakuandikwa popote. Vita vilipokwisha akaandika kuwashutumu wakubwa wa nchi yake mwenyewe kwa kuwafanyisha Waafrika kazi ya shuruti. Mwaka 1923 akasimama London mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana, watu wapendao ubani na mavazi mazuri ya ibada kama sisi tunavyoyapenda, akawaambia kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu kwenye tabenakulo, kile kisanduku cha Komunyo, kama hawamhurumii Yesu kwenye vibanda vya mafukara. Mwaka uliofuata, Novemba, alifariki Hegongo, huku huku kwetu. Nikipita Muheza nalikumbuka neno lile, na tangu mambo ya Bibi Mayai linanichoma zaidi. Tabenakulo yetu hii tunaifunika kitambaa safi kila wiki. Na Bibi alikuwa akivujiwa na mvua.

Baada ya msiba ule tulikaa wachache tukaanza kuandika majina ya watu tusiowaona. Tuliandika kwa kumbukumbu tu, tukizunguka benchi kwa benchi. Halafu tukaenda, wawili wawili. Naomba niwaambie tulichokuta, na baadhi ni vigumu kusema mbele ya wageni, lakini wageni hawa ndio waliotuamsha.

Tulikuta watu wanaoikimbia bahasha. Tumekuwa na desturi ya kusoma kwenye matangazo majina ya waliomaliza ahadi ya jengo, na wale ambao hawajamaliza. Nia ilikuwa njema, paa hili halikujiezeka. Lakini baba mmoja aliyepunguzwa kazi aliniambia, "Mwalimu, nilisomwa mara mbili. Ya tatu sikuingoja." Mke wake aliendelea kuja mwezi mmoja peke yake, kisha naye akaacha, kwa haya. Baba yule ana watoto wanne waliobatizwa kwenye birika lile pale. Wazee wa kanisa wenzangu, tumekwisha zungumza na Padre naye amekubali: kuanzia Jumapili ijayo jina la mtu halitasomwa tena humu kwa sababu ya deni. Litasomwa kwa ndoa, kwa ubatizo, kwa ugonjwa, kwa kifo, kwa shukrani.

(Makofi yale naomba tuwapigie baba yule na mkewe siku wakirudi. Au tusipige, tuwapishe benchi tu, wakae.)

Tulikuta vijana wa bodaboda. Mnawasema kwamba wameacha dini. Jumapili asubuhi ndiyo inayolipa, na hesabu ya mwenye pikipiki haijui Jumapili. Kijana mmoja aliniambia huwa anaegesha nje ya ukuta wetu wakati wa Sanctus, ule wimbo wa "Mtakatifu", anazima injini, anavua kofia ngumu, wimbo ukiisha anawasha anaondoka. Mwaka mzima anafanya hivyo, na ukuta ule tuliujenga sisi.

Tulikuta dada wa kazi. Hapa nitasema taratibu. Ziko nyumba zetu, za Wakristo wa benchi za mbele, ambazo Jumapili familia nzima inatoka kuja kumwimbia Mungu na binti wa miaka kumi na saba anabaki jikoni anachambua mchele wa pilau ya mchana. Binti yule alipata kipaimara kwao. Ametumwa mjini na cheti chake mkobani, kama babu yangu alivyokuja na chake. Ukimwuliza mwenye nyumba, anasema hakujua kama binti anasali. Anakaa naye mwaka wa pili. Padre ametupa Misa ya jioni, saa kumi na moja, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kwa ajili ya hawa na wale wa zamu bandarini na hospitalini. Ila Misa haiwezi kumfungulia mtu geti la nyumba. Funguo mnazo ninyi.

Tulikuta waliokwenda makanisa ya maombezi. Mtoto aliugua degedege, au ndoa iliyumba, wakaenda walikosikia wanaombewa kwa sauti, wakawekewa mikono, wakaulizwa shida yao nini. Nawasihi msiwaseme vibaya. Mama mmoja nilimwuliza kwa nini hakuja kwetu kwanza, akanijibu kwamba alikuja, Jumapili tatu mfululizo alikaa akilia, na kila mtu alimpa amani ya Bwana kwa mkono akapita.

Na tulikuta wagonjwa, wazee waliozidiwa na ngazi zetu zile tano za mlangoni, mjane aliyekuwa hajui kama anaruhusiwa kuja kabla arobaini haijaisha, fundi seremala aliyepoteza usikivu akaona kuja ni kukaa bure. Ngazi tutaziwekea mteremko wa zege. Fedha ya mnada wa leo ni ya kazi hiyo, basi nyanyueni mikono. Kwa fundi wetu, kijana mmoja wa kwaya ameanza kumwandikia mahubiri kwenye karatasi wakati padre akihubiri, wanakaa pamoja nguzo ya pili. Hakutumwa na mtu.

Shehe, na majirani wote, hili ni lenu. Tanga ni mji wa koo zilizochanganyika. Ukoo mmoja una Mwanaidi na una Monika, sahani za Idi na za Krismasi zinavuka ua ule ule. Sitaki mtu asikie kwamba Waanglikana wameanza kupita nyumba kwa nyumba akadhani tunatega. Atakayetumwa na Kanisa hili kumtazama mgonjwa haendi kumbadili mtu dini. Akimkuta jirani Mwislamu amelala chumba cha pili, atampa maji huyo naye, na atakuja kukuambia wewe, Shehe, kama mama wa bajia alivyokuja kutuambia sisi. Nasi tunaomba mtufanyie hivyo hivyo. Mkimwona mtu wetu hatoki, njooni. Hakuna tena atakayewaambia msubiri getini. Mlinzi ameshaelezwa, na siyo yeye aliyekosa, alikuwa akifuata tulichomwambia.

Sasa daftari lenyewe, la wasiokuwepo. Ni hili, kaunta buku la kawaida lenye jalada gumu, nimelinunua duka la vifaa vya shule. Limepigwa mistari mitano ya kusimama. Jina. Jumuiya. Jumapili asiyoonekana. Aliyekwenda. Alichokuta. Safu ya mwisho nimeiacha pana kuliko zote. Safu ya fedha hakuna, na naomba isiongezwe hata nitakapokuwa nimekufa.

Litafanya kazi hivi. Kila jumuiya itakuwa na watu wawili, mmoja mtu mzima na mmoja kijana, wanaowajua watu wao kwa sura na kwa nyumba. Misa ikiisha, kabla ya mnada, hao wanakutana dakika kumi pale mlango wa sakristia. Swali ni moja, nani hayupo leo? Aliyesafiri anajulikana kasafiri. Asiyejulikana alipo anaandikwa, na kabla jua la Jumanne halijazama awe ametembelewa. Anayekwenda aende mikono mitupu ya makaratasi. Asibebe bahasha, asibebe risiti, asianze kwa "mbona hatukuoni," maana neno hilo ni kofi. Abishe hodi, aingie akikaribishwa, aulize habari za nyumbani, akae. Kama kuna vyombo vichafu na mwenye nyumba hawezi kusimama, avioshe. Sala aombe akiombwa. Akirudi aandike alichokuta kwa maneno machache, na mambo ya siri ya nyumba ya mtu asiyaandike kabisa, amwambie Padre peke yake.

Mama wa Umoja, najua mtaniambia kazi hii mnaifanya tangu bibi zenu. Ni kweli. Mnaifanya mkisikia. Ninachoomba ni kuifanya kabla ya kusikia.

Wengine wameniuliza kama si mzigo, Kanisa lina mipango mingi, kuna jengo, kuna kwaya inakwenda kurekodi, kuna Sinodi. Jengo na liendelee, kwaya na irekodi, mnaimba vizuri. Mimi nimewaambia neno moja tu na sina jingine, kwamba Kanisa lisilojua nani hayupo halijui nani yupo.

Baba Padre, kwa ruhusa yako, nisingoje Jumapili ijayo. Nimelifungua ukurasa wa kwanza na kalamu ninayo. Safu ya kina baba, benchi la mwisho karibu na mlango, kuna mzee mmoja mfupi, mvuvi mstaafu, hukaa pale na fimbo yake ya mkwaju na hutoka kwanza kabla ya wengine kwa sababu hatembei haraka. Nimetazama leo tangu wimbo wa kuingia. Fimbo haipo, na yeye hayupo. Jumapili iliyopita sina hakika kama nilimwona.

Nani anakaa karibu naye?